Kompyuta Iliyokaa Mahali pa Makochi

Rafiki yangu, leo nimezunguka mjini mpaka miguu ikakataa. Kompyuta ya nyumbani imezima na haiwaki tena, na mimi siku hizi jioni sina nguvu hata ya kuchagua nyanya, sembuse mashine. Kila duka ni yaleyale: hii ina kasi, ile ina memori kubwa, na ile nzuri kabisa usiulize bei. Katika duka la mwisho, dada muuzaji akaniwekea laptopu mbele.

"Sasa madam, jaribu hii. Kibodi yake haina kelele. Ukiandika, hata mtu wa kando hasikii."

Nikaandika sentensi nzima. Kimya kabisa. Hapo nikamkumbuka mama yangu.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Satellite, vyumba viwili, sebuleni stuli tupu. Mama alikuwa taipisti katika ofisi moja Upper Hill. Zamu yake ya kupokea mchango wa chama cha akina mama ilikuwa inakaribia, na sote tulijua pesa hizo ni za makochi. Vitambaa vya kuyafunika alishavifuma, vyeupe vyenye maua, vimekunjwa kabatini vinanuka dawa ya nondo. Baba naye alishapima ukuta. Kisha ofisini wakatangaza kwamba taipureta zinaondolewa, na asiyejua kompyuta atafute kazi kwingine. Siku hiyo mama alipika sukuma bila chumvi, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Pesa za chama zilipotoka akanichukua tukaenda mjini. Kompyuta mpya hazikuwa za mfuko wetu. "Mtu hujikuna ajipatapo," akasema, tukaingia duka la zilizotumika. Muuzaji akamwaga Kiingereza chote cha mashine. Mama akamsikiliza kwa adabu, kisha akafumba macho na kujaribu kibodi moja baada ya nyingine, polepole, kama anayebonyeza maparachichi sokoni.

"Mimi vidole ndivyo vinanilisha," akamwambia.

Akachagua ile kubwa, nzito, ya rangi ya uji, kwa sababu vitufe vyake vilipiga kelele kama taipureta yake.

Jirani, mwenzake wa chama, alikuja kuona makochi, akasimama mlangoni akitazama. "Sasa mama watoto, hii ndiyo tutakalia?" Mama akacheka kidogo, akamsogezea stuli. Kitambaa kimoja kilipata kazi ya kuifunika kompyuta, vingine vikarudi kabatini.

Basi kila jioni baba alisonga ugali na mama akagonga. Mwiko jikoni, vitufe sebuleni, sisi watoto katikati na vitabu vyetu. Akifika mwisho wa mstari, mkono wake wa kushoto uliinuka wenyewe kusukuma kile kishikio cha taipureta, ukakuta hewa. Tulicheka mpaka machozi.

"Chekeni tu," alisema. "Mkono umezoea kazi. Hauwezi kusahau mara moja."

Na kompyuta aliijua, tena vizuri. Ofisini walimjaribu akapita, akabaki na kazi yake. Lakini baadaye kompyuta zikafika kwenye meza ya kila mkubwa, wakubwa wakaanza kujiandikia barua wenyewe, na mama akaambiwa asante, nenda salama. Inaniuma mpaka leo, sitakuficha. Alijinyima akajifunza kitu kilekile kilichokuja kumtoa.

Chama kilivunjika. Jirani alirudi kwao ushago, kijijini. Pale tulipokaa wamejenga ghorofa, na ule mwiko wa baba sijui uliishia wapi. Makochi hayakuja. Kila mara kulikuwa na karo, kisha kulikuwa na hospitali, kisha mama hakuwepo.

Ile laptopu nimeinunua, bei yake niliiweza na nilikuwa nimechoka kuzunguka. Ndiyo naandikia sasa, na nyumba imenyamaza. Nikimaliza nitaifunika kwa kitambaa kimojawapo cha mama. Vingine viko kwenye makochi yangu, vinatosha kana kwamba aliyapima. Mama hakuwahi kuyakalia.