Abee Niliyomtunzia Mungu

Juzi mchungaji wetu hapa Ilford alituma ujumbe kwenye kundi la kanisa: anahitajika mtu wa kumsindikiza Bibi Agnes hospitali kila Jumanne. Niliusoma mara tisa, nikijiuliza kama huo ni wito wa Mungu au ni ujumbe tu.

Nikakumbuka Jumapili moja ya utotoni, fleti yetu ya Kilburn ikinukia vitunguu. Kanisani tulikuwa tumefundishwa habari za Samweli, mtoto aliyeitwa na Mungu. Nikajifungia chumbani nimsikilize.

"Neema!" Mama aliita kutoka jikoni. Aliita mara tatu. Sikuitika, maana abee yangu nilikuwa nimemtunzia Mungu.

Mlango ukafunguliwa. "We mtoto, masikio umeyasahau kanisani?"

"Namsubiri Mungu aniite, Mama."

"Atakukuta kwenye ngazi. Mpelekee jirani uji wake, mgonjwa hajala tangu asubuhi."

Uji ulikuwa umeshapoa. Jirani aliupokea kwa mikono miwili, akaunywa wote palepale mlangoni. Mimi nikarudi mbio, nikiogopa Mungu ameniita nikiwa sipo.

Sasa najua kwamba Samweli, alipoitwa, alimkimbilia kwanza mzee Eli, kuhani aliyemlea, akidhani ndiye aliyemwita. Nimemjibu mchungaji: "Abee. Jumanne nitakuwepo."