Sifa za Mashineni

Mtu wa mashine ya kusaga pale Nyamuswa alikuwa mweupe kwa unga hadi kope, na kwa kuzoea kelele za injini, hata salamu aliitoa kwa kupaza sauti. Unga aliupima kwa kuusugua kati ya vidole, jicho moja kalifumba, kisha akamtazama mwenye ndoo na kumpa sifa.

Mwaka ule wa dizeli ya kubahatisha, foleni ya ndoo ilifika barabarani. Jenoveva, kama kawaida yake, alikuwa akiisukuma ndoo yake kwa mguu, kidogo kidogo, kuelekea mbele. Boke, mwenye ndoo iliyokuwa mbele yake, alikuwa ameshavuta pumzi amfokee.

"Mwacheni mama yetu mwenye huruma!" mtu wa mashine akanguruma. "Huyu anapishaga wenzake!"

Jenoveva akageuka kumtafuta anayesemwa, asimwone, akairudisha ndoo mpaka mwisho akitabasamu kama bibi harusi. Boke alicheka hadi kitambaa kikamdondoka kichwani. Na ajabu, kweli akaanza kuona uso wa Jenoveva una huruma. Ndipo jicho lile likamgeukia yeye.

"Na Boke! Mvumilivu kuliko wote! Anasubiriga bila hata kununa!"

Foleni nzima ikamtazama kwa heshima. Boke akafungua mdomo abishe, ukatoa, "Piteni tu, mama zangu." Wakapita wote, Jenoveva akiwemo, dizeli ikaisha.

Alirudi na mtama wake mzimamzima, shingo kainyoosha. Mumewe alipouliza ugali uko wapi, akapaza sauti majirani wasikie: "Jamani, mwoneni mume wangu alivyo mvumilivu!"