Ukoo wa Nyange

Jirani yangu Kabura, ambaye hapa Mukurweini sote tunamwita Mama Ben, alianza na ng'ombe mmoja wa kienyeji mwenye pembe zilizopinda. Kila alipopandishwa kwa mbegu, daktari wa mifugo aliacha kadi yenye jina la fahali. Kabura aliibandika kadi kwenye daftari, na kando yake akaandika nani amezaa nani, lini, na maziwa kiasi gani. Akapata binti, mjukuu, kitukuu. Wanaoandikisha ng'ombe wa ukoo safi wanataka ushahidi wa kila kizazi, na yeye alikuwa akihesabu vizazi. "Shule ilinishinda," aliniambia, "lakini ng'ombe nitamtengeneza."

Miaka sita iliyopita alikuja Gatimu, kijana wa kampuni ya chakula cha mifugo. Alituambia panya wanakula karatasi, simu hawaili. Binti ya Kabura, Shiro, alikaa wiki mbili akiingiza daftari lote kwenye programu ya kampuni. Gatimu alipouliza jina la mwenye ng'ombe, Kabura alisema Mama Ben. Ndilo lililokuwa kwenye kadi zote, na kwenye risiti za maziwa, na hata kanisani. Nani angesema lingine?

Baada ya hapo daftari lilitumika kuwashia jiko, pamoja na kadi zote. Mimi nilipewa kurasa chache nikatandika kabatini.

Mwaka jana alizaliwa Nyange, kizazi cha nne tangu yule wa kienyeji, mtamba mwenye mgongo ulionyooka kama benchi. Kabura alitaka kumwandikisha kabla hajatimiza mwaka, maana akivuka hapo hawampokei, kwa hiyo alihitaji ukoo wote kwenye karatasi. Simu ilimwonyesha maziwa ya mwezi huo tu. Tukaenda ofisi ya kampuni, Nyeri mjini, yeye amevaa viatu vya kanisa.

Gatimu, siku hizi ana kitambi na meza, alimpokea mlangoni kwa jina la Mama Ben na kumwagizia chai. Alisema rekodi ziko salama, na kwamba sheria inamruhusu mwenyewe kuziomba. Alete tu kitambulisho. Kabura akakitoa kwenye leso. Gatimu alikitazama, akatazama kompyuta.

"Hapa mwenye akaunti ni Mama Ben. Wewe ni Kabura Wambugu."

"Si umeniita Mama Ben sasa hivi?"

"Mimi nakujua, mama. Kompyuta ndiyo haikujui."

Kabura akaomba jina libadilishwe. Gatimu alisema linabadilishwa, ila mwenye akaunti lazima akubali kwa kitambulisho chake.

"Yaani nimlete Mama Ben."

"Ndiyo."

Kabura hakucheka. Alimwuliza ng'ombe ni wa nani, akajibiwa ni wake. Akauliza miaka yote ile ya kuandika ni ya nani. Gatimu alimsukumia kikombe karibu.

Wiki iliyofuata nilikuwa kwake tukikata nepia, majani ya ng'ombe, simu ikalia. Alikuwa Mwai, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Kagio ambaye hatujawahi kumwona. Alisema anasikia Mama Ben ako na mtamba anaitwa Nyange, na kwamba kampuni humpatia orodha ya wenye mitamba mizuri. Alitaja mama yake Nyange, na bibi yake. Bei aliyotoa ilikuwa ya ng'ombe yeyote wa sokoni, ati kwa sababu hana karatasi.

Kabura alinionyesha kwa mkono nitafute kalamu. Akaingia ndani, akatungua kalenda ya ukutani na kuigeuza, akapiga magoti akaandika juu ya kiti.

"Nisomee polepole," alimwambia. "Baba ya bibi yake anaitwa nani?"

Mwai alisoma fahali wawili. Alipofika wa tatu akasita, akauliza kwa nini mwenye ng'ombe hajui ng'ombe wake, kisha akakata simu. Kabura alimpigia tena mara nne bila kupokewa. Alibaki kwa magoti, kalamu mkononi.

Nilikimbia kwangu nikatoa sahani zote kabatini. Chini kulikuwa na ukurasa mmoja uliobaki. Nilimpelekea. Ulikuwa wa maziwa ya Agosti, asubuhi na jioni, hauna jina la fahali hata mmoja. Aliusoma wote, mstari kwa mstari, kisha akaniuliza kama nina mwingine.

Nilimwambia nyingine nilifungia mayai.

Nyange alitimiza mwaka Jumanne iliyopita.