Mto wa Mama Mkwe

Kazini walimwita Kinga, na jina hilo alijitafutia mwenyewe kwa domo lake. Hakuna mti uliokatwa kabla hajawapanga watu wote, mwenye nyumba na majirani wakiwemo, akawahubiria. Ataanza na kofia ngumu nyekundu, aigonge kwa ngumi, ngo ngo ngo. Aje kwenye miwani, viziba masikio, glavu, kabari za plastiki za kuzuia mti usiubane msumeno, na tupa ya kunolea meno ya mnyororo. Mwisho kabisa atajipiga mapaja.

"Na hii je? Ninyi mnaona suruali tu. Humu ndani kuna nyuzi, tabaka kwa tabaka. Msumeno ukikuponyoka ukagusa mguu, nyuzi zinachomoka, zinajisokota kwenye mnyororo, mashine inakabwa koo, inazimika. Mguu unabaki wako. Kinga ni bora kuliko tiba, ndugu zangu!"

Maneno ya kweli kabisa. Ila ndani ya suruali yake yeye hamkuwa na hata uzi mmoja.

Jua ndilo lililomponza. Nyuzi zile zina joto jamani, asikudanganye mtu. Ikifika adhuhuri mapaja yanachemka. Mwingine angevaa suruali ya kawaida, watu wamwone, basi. Kinga angeanzia wapi, na jina lile? Siku mkewe, fundi cherehani, alipokwenda kununua vifungo, akachukua wembe wake, akafumua mshono wa ndani, akatoa nyuzi zote, akashona tena kwa mkono. Suruali ikawa nyepesi, raha tupu.

Nyuzi zenyewe nyeupe, laini, na jalalani zingeonekana na kila mtu. Akamwambia mkewe, "Nimepata vitu vizuri vya kujazia mto, huko kazini." Mkewe akashona foronya ya maua, akajaza, na kwa kuwa mama yake alikuwa akilalamikia mgongo, mto ukaenda kwa mama. Weee, mama mkwe aliupenda huo mto! Kila mgeni akiingia ataambiwa, "Huu kaniletea mkwe wangu. Nimepata mkwe mwenye huruma." Kinga akisikia hivyo anatazama sakafu, na watu wanasema kijana ana adabu.

Sasa, aliyefanya naye kazi alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mzima mwenye watoto wake. Kinga hupanda juu, shemeji hubaki chini akikatakata matawi yanayoshushwa. Siku hiyo walikuwa kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama mkali, ambaye mkaratusi wake ulikuwa umelalia paa la jiko. Alishawafukuza mafundi waliomjia na kandambili. Kinga alimkosha kwa hotuba yake, mpaka akamtolea kiti.

Kinga akapanda na mkanda na kamba ili afunge tawi kubwa kwanza; suruali na msumeno angeshuka kuvifuata baadaye. Suruali alikuwa ameivua chini, isichanwe na magome, akaitundika getini, akabaki na kaptura. Huko chini shemeji alikuwa anakatakata matawi yaliyoshushwa mapema; kipande kimoja kikamrukia, kikamchania suruali yake, nayo ya nyuzi, kuanzia gotini hadi kifundoni. Shemeji ni mtu anayesikia la kuambiwa. Akazima mashine, akatazama huku na huku, akaiona ya getini.

Kinga alipoinamisha macho alimkuta shemeji ndani ya suruali ile, msumeno unanguruma mikononi.

"Shemeji! Vua hiyo!"

Wapi! Masikio yamezibwa. Kinga akaivua kofia yake, yeye ambaye angemtimua mtu kazini kwa kuvua kofia mtini, akaitupa. Ikaanguka mbele ya shemeji, ikadunda. Shemeji akazima, akachomoa kizibo kimoja cha sikio.

"Vipi wewe, unataka kuniua?"

Hapo ndipo angesema. Hakusema. Mwalimu alikuwa barazani anatazama, na dereva wa lori la kubebea magogo naye ametoa kichwa dirishani.

"Hiyo suruali ni yangu," akasema. "Mimi sipendi kuvaliwa nguo zangu."

Dereva akacheka mpaka akakohoa. "Loo, Kinga mchoyo! Dada yake umemchukua, suruali unamnyima?"

"Nitakufulia, usijali," shemeji akasema, naye anacheka. "Si wewe uliyesema bila hii mtu asiguse mashine?" Akatanguliza mguu wa kushoto karibu kabisa na gogo, bila wasiwasi wowote, akavuta kamba ya kuwashia. Mashine ikakohoa, haikuwaka. Akajiandaa kuvuta tena.

Mguu ule ndio uliomshinda Kinga.

"Haina kitu ndani!"

"Haina nini?"

"Nyuzi! Nilizitoa. Mimi mwenyewe nilizitoa, kwa sababu ya joto. Ni kitambaa kitupu hicho, shemeji. Usiwashe, nakuomba."

Kicheko cha dereva kikakatika. Shemeji akauweka msumeno chini, akaibana suruali pajani kwa vidole viwili. Vidole vikakutana. Akavitazama, akayatazama na meno ya mnyororo. Hakutukana. Laiti angetukana!

"Toka lini?"

"Toka kiangazi."

"Na kila asubuhi unajipiga mapaja."

Mwalimu akainuka. "Debe tupu," akasema, wala si kwa sauti kubwa, akabeba kiti chake akaingia nacho ndani.

Kinga alikuwa bado ananing'inia, kaptura mwilini na kichwa wazi, na kushuka kwa mkanda hakuna haraka. Alishuka taratibu mbele ya macho yao, uso unamwaka. Alipofika chini shemeji alishaivua suruali, anaikunja vizuri kabisa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akamkabidhi. "Na hizo nyuzi ulizipeleka wapi?"

Kinga aliomba ardhi ipasuke. Haikupasuka, ikabidi ajibu.

Nyumbani mkewe alimsikiliza akiwa ameshika cherehani. "Foronya niliishona kwa mikono yangu," akasema. "Mimi siendi. Utakwenda mwenyewe ukamwambie mama anaegemea nini."

Akaenda. Mama mkwe alikuwa kitini, mto mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona unakaa chini? Kiti hicho hapo."

Hakukikalia. Alisema yote akiwa sakafuni, macho chini, na safari hii haikuwa adabu. Mama akauchomoa mto, akaupakata, akaubonyeza kwa viganja.

"Kumbe mgongo wangu umeegemea mguu wa mwanangu."

"Nisamehe, mama." Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi.

"Umesema kabla mguu haujaenda. Nimekusamehe." Akainuka, kashika kiuno, akauweka mto kwenye kile kiti cha wageni, akaupigapiga ukae sawa. "Sasa kaa. Hapo juu yake. Na kila ukija kwangu utakaa hapo hapo."

Kinga akainuka, akakaa. Ulikuwa mto laini kwelikweli.