Mgeni Mdomoni mwa Samaki

Nilikuwa na miaka tisa, bado mtoto wa kukumbushwa kunawa miguu, likizo ile mama aliponipeleka Kagunga kwa bibi. Mdogo wake mama, Zabibu, alikuwa mjamzito, na mimba mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika. Nyumba nzima ilitembea polepole kwa ajili yake. Bibi alikuwa na masharti yake, na moja lilinihusu mimi niliyeshinda ziwani: nikimpata samaki aliyetuna kidevu, nimrudishe majini upesi.

"Huyo amebeba watoto mdomoni," aliniambia. "Ukimpokonya hata mmoja, ziwa litamtafuta mtoto wa nyumba hii."

Sikumwamini. Samaki gani anabeba watoto mdomoni?

Asubuhi moja, nikiosha masufuria kwenye mawe, nilimchota samaki mmoja kwa beseni. Alikuwa mdogo kama kiganja, kidevu kimemvimba. Alizunguka, akatulia, kisha akafungua mdomo, na vitoto vikamwagika, vyembamba kama nyuzi, vyenye macho makubwa. Nilipoingiza kidole, vyote vilirudi mbio mdomoni na mama yao akafumba. Nilipiga ukelele mpaka bibi akaja akidhani nimeumwa na nyoka.

Vilipotoka tena, nilimwona mmoja asiyefanana na wenzake: mnene, ana ndevu na madoa.

"Bibi, huyu anaumwa?"

"Haumwi. Si wake." Bibi alichuchumaa. "Mama yake ni gogogo, yule samaki wa ndevu. Huvizia samaki wengine wakitaga, akachanganya mayai yake humo. Huyu mama huyaokota yote mdomoni, akalea."

"Anajua?"

"Nani amewahi kumuuliza? Na huyo mgeni, mwana wa nje, humo humo mdomoni anawala wenzake."

Nilivitazama vile vitoto. Vya huyo mama mwenyewe vilibaki vitatu tu.

"Warudishe wote," bibi akasema, akaenda kumwangalia mama mdogo.

Niliinamisha beseni majini. Lakini kwanza nilimchota yule mwenye ndevu, nikamlaza juu ya jiwe lenye jua. Nilimtazama mpaka akaacha kutikisika. Niliona nimetenda haki.

Mchana wa siku hiyohiyo uchungu ukamshika mama mdogo, wiki nyingi kabla ya wakati wake. Wanawake waliingia, mlango ukafungwa. Nilikaa ukutani nje, nimebana mikono kwapani, nikijua ni mimi. Mtoto alitoka, hakulia. Nilisikia bibi akimwita, akimsugua, akimwita tena. Kisha ikaja sauti nyembamba, kama mlango mbovu, na wanawake wakaanza kulia kwa furaha.

Kesho yake nilikiri kwa bibi. Hakunipiga. Alinishika mkono, akanipeleka hadi kwenye maji ya magotini, tukainama kutazama. Katikati ya mawe samaki wawili walikuwa wakizungukana, jike akitaga. Ghafla gogogo akapita kati yao kama aliyesukumwa, akatoweka. Jike akageuka, akaokota mayai upesi upesi, yake na yasiyo yake.

"Nimeyaona haya tangu nikiwa kama wewe," bibi alisema. "Na wote bado wapo. Sasa wewe ukitaka kuchagua wa kutoa, utaanzia wapi?"

Maji yale niliyoyachota kila siku yalikuwa na mambo yake, makubwa kuliko hasira yangu.

Leo mimi ni mkunga hapa Kigoma. Najua watoto huja mapema kwa sababu nyingi, na samaki si mojawapo. Nimewaambia hivyo akina mama wengi wanaojitafutia kosa. Mtoto yule, Hamisi, ni mwanamume mwenye sauti nene na boti ya injini. Sijawahi kumsimulia. Siogopi tena kwamba nilimtoa tumboni kabla ya siku zake. Ninachokionea aibu hadi leo ni ile asubuhi yenyewe: nilivyoonyeshwa jambo la ajabu kuliko yote niliyowahi kuona, na nikatumia dakika moja tu kulishangaa kabla ya kuanza kulisahihisha.