Malakwang Katika Sufuria Mpya

Ukitaka kuuelewa mtaa wa Kisenyi wa miaka ile, anza na sauti kabla ya harufu. Nilipokuwa nikishuka asubuhi kutoka kituo cha teksi, kwanza nilisikia nyundo za watengeneza masanduku wakinyoosha mapipa ya mafuta yawe mabati. Kisha visu vya waliokata matairi kuwa ndala. Kisha, chini kabisa karibu na mfereji, mvukuto wa mafundi wa sufuria ukihema taratibu kama ng'ombe aliyelala. Harufu ilifuata: makaa, iliki, ini la kukaanga. Hata leo nikiikumbuka njia ile, miguu yangu hutaka kukimbia.

Maduka makubwa ya mjini yalikuwa yamenyang'anywa Wahindi na kupewa wenye wapya, na haukupita muda rafu zikabaki na vumbi. Mimi nilikuwa muuzaji katika duka moja la vyombo. Tulipouza kikombe cha mwisho, bosi aliniambia nikapumzike nyumbani mpaka mzigo ufike. Haukufika. Lakini watu hawakuacha kupika, wala hawakukubali kulala gizani, na kila kilichokosekana dukani, Kisenyi palikuwa na mtu anayejaribu kukitengeneza: taa za kopo, ndoo, majiko ya makaa tunayoyaita sigiri, masanduku ya shule, sufuria. Na mafundi wote hao, ikifika saa saba mchana, walitaka kula.

Ngoja nikutembeze kidogo, maana bila kutembea huwezi kuelewa kilichotupata mimi na shangazi.

Pale juu, karibu na magereji, palikuwa na Msomali aliyepika chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi nyingi. Sukari ilikuwa haionekani, kwa hiyo aliweka kipande cha sukari guru kwenye kisahani, nawe ulikimung'unya kati ya funda moja na jingine. Mara ya kwanza nilikitumbukiza kwenye kikombe, akanitazama kwa huruma. "Dada," alisema, "ukiizamisha imekwisha. Ishike mdomoni, itakufikisha mwisho wa chai." Nilifanya hivyo, na kweli ilinifikisha. Hapo ndipo watu walipopeana habari. Mwanajeshi akiingia, mazungumzo yote yaligeuka kuwa ya mpira.

Ukishuka kidogo, mama mmoja Mkongo alipika sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwa samaki mkavu na mawese. Waliokula kwake ni wakata matairi. Watengeneza masanduku walikula kwa mama wa Kinubi aliyekuwa na mabanda yote ya upande ule. Bamia yake ilivutika kutoka sahani hadi mdomoni bila kukatika. Mlangoni kwake kulikuwa na mtungi wa munanansi, kinywaji cha maganda ya nanasi na tangawizi. Ulikunywa umesimama, ukarudisha kopo, ukaenda kuangalia alumini ikimiminwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sinema yetu. Watu walitoka hata mitaa ya mbali kama Namuwongo kuja kuitazama.

Umeona? Kila safu ya mafundi ilikuwa na jiko lake. Waliobaki bila jiko ni mafundi wa sufuria. Mpishi wao alikuwa amehamia Kalerwe, na tangu hapo walikula mihogo ya kuchoma wakilalamika.

Sasa shangazi yangu, dada wa baba. Sisi ni watu wa kaskazini, tuliolelewa katika kambi za polisi, na Kiswahili ndicho tulichokua nacho. Mume wake alikuwa askari jeshi. Asubuhi moja alitoka kwenda kazini akaacha kofia yake ya nyumbani kwenye msumari, na kofia ikabaki hapo, yeye hakurudi. Hatukuuliza sana. Shangazi alitakiwa kutoka kwenye nyumba ya kambi. Hakuwa na pa kwenda ila kijijini kwa wakwe, na wakwe walikwisha sema kwamba akirudi atarithiwa na shemeji yake.

"Mimi sirithiwi kama jembe," aliniambia. "Wewe huna kazi, mimi sina nyumba. Tupike."

Tukaenda kwa mama wa Kinubi. Alitupokea vizuri, akatuonyesha kibanda kilichotazama mafundi wa sufuria, chenye chumba kidogo nyuma cha kulala. Kisha akatueleza mila ya pale, nami naieleza kama nilivyoisikia. Mpishi mgeni haombi kazi kwa maneno. Mafundi wanayeyusha alumini na kumsubia sufuria kwa mikono yao, bure, na chakula cha kwanza kinachopikwa humo wanakila wao. Kikiwapendeza, sufuria ni yake na kibanda ni chake. Kikiwashinda, sufuria inarudi motoni, inayeyushwa mbele yake, na mpishi anafunga virago.

"Kuna fundi baiskeli anakisubiri kibanda hiki," alimaliza. "Pika vizuri, mwanangu."

Nilikuwepo sufuria ilipozaliwa. Walivunja pistoni kuukuu wakaziweka kwenye moto, na mvukuto ukahema mpaka alumini ikawa kama maziwa yanayong'aa. Kalibu ilikuwa ya udongo laini uliokandamizwa ndani ya fremu za mbao. Fundi mkuu, mtu mfupi mwenye nyusi zilizoungua, alimimina kwa mkono mmoja bila kutetemeka. Walipoivunja kalibu, sufuria ikatokea ya kijivu, nzito, ingali ya moto. Nilipiga makofi peke yangu. Shangazi alikuwa akiiangalia tu, kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe.

Aliibeba mwenyewe. Aliisugua kwa mchanga hadi ndani ikang'aa ukaweza kujiona. Kisha akaamua kuwapikia mafundi kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo: malakwang. Kama hujawahi kuila, ni mboga ya kwetu yenye uchachu mkali, inayochanganywa na odii, yaani ufuta na karanga zilizosagwa pamoja mpaka zikatoa mafuta. Inaliwa na viazi vitamu. Uchachu na mafuta vikikutana, mtu hanyamazi mpaka aongezewe. Ufuta ule ulikuwa umetoka nyumbani kwa basi, ndani ya soksi ya baba. Alipika sufuria nzima, na kidogo akapika katika chungu chetu cha udongo kwa ajili yetu wawili, kwa mazoea tu.

Saa saba mafundi walinawa wakaketi. Mimi niligawa sahani nikiwa na furaha ya mtu aliyekwisha shinda. Fundi mkuu alichovya kiazi, akala, akaacha kutafuna.

"Mama," alisema polepole, "wewe umetia nini hapa?"

"Ufuta, karanga, chumvi."

"Na pistoni?" akauliza fundi mwembamba wa upande wa pili.

"Ya lori hiyo," akadakia mwingine akilambalamba meno. "Mimi mwenyewe nimeipasua, naijua."

Wakacheka. Nikaonja. Kinywa changu kilijaa ladha ya msumari. Shangazi hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akafuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena, na nilijua alikuwa anaiona ile barabara ya kwenda kwa wakwe.

Mama wa Kinubi alikuja, akachungulia sufuria, akashika kiuno. "Nani aliisugua hivi? Na uji wa kwanza mliumwaga wapi?"

"Uji gani?" akauliza shangazi.

Basi nikueleze tulichoelezwa. Sufuria ya kusubu haipikiwi ikiwa mpya. Unachemsha humo uji mzito, unauacha ulale, unaumwaga, na unarudia mpaka ndani kupate utando. Kitu kichachu ndicho adui yake, kinaila alumini. Kila mwanamke wa Kisenyi alilijua hilo. Sisi tulitoka kwenye vyungu vya udongo na sufuria za dukani, hakuna aliyetuambia. Mafundi nao, ambao walikuwa wamesubu sufuria maisha yao yote, hawakujua. Uji huo walikuwa wakiupika wake zao.

"Kumbe!" alisema fundi mwembamba. "Ndiyo maana kwangu sufuria mpya inakaa siku mbili bila chakula. Mimi nilidhani mke amekasirika."

"Alikuwa amekasirika pia," wakamwambia.

Fundi mkuu aliinua mkono, wakatulia. "Mila ni mila. Chakula kimeshindwa, sufuria inarudi motoni."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikwenda nyuma, nikaleta chungu, nikakiweka mbele yake. "Mzee, mboga ni ile ile. Mkono ni ule ule. Onja kilichobadilika."

Alichovya. Alichovya tena. Fundi mwembamba akanyoosha kiazi chake, fundi mkuu akakipiga kofi. Kisha vikaja viazi kutoka kila upande, na vidole vikakwangua udongo. Chungu kilikuwa kidogo. Wa mwisho walipangusa kingo.

"Nani ameshindwa hapa?" akauliza fundi mkuu. "Mama hajashindwa. Sufuria ndiyo imeshindwa. Mila inasema kinachoshindwa kinarudi motoni." Akamgeukia mama wa Kinubi. "Kibanda ni chake. Huyo wa baiskeli mtafutie kwingine."

Wakaipeleka sufuria kwenye moto wakiimba. Niliitazama ikilegea, ikazama, ikawa maziwa tena, na watu wa Namuwongo waliokuja kutazama sinema waliuliza ni sherehe gani. Shangazi alisimama karibu nami, kanga mdomoni, mabega yakimtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Sufuria ya pili ililetwa wiki iliyofuata, kubwa kuliko ile, imebebwa na fundi mkuu mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na uji mweusi ulioganda chini, unaonuka moshi.

"Nimeupika mimi," alisema, akitazama pembeni. "Umeungua kidogo. Mama, tafadhali, usisugue."

Shangazi aliuonja kwa ncha ya kidole, akakunja uso, akamwambia aketi. Siku hiyo sufuria ilipikiwa maharage. Malakwang iliendelea kupikwa kwenye chungu, chungu kikubwa sasa, na mafundi wa sufuria walikuwa wa kwanza kutuambia ni mfinyanzi gani wa kumwendea.