Jike la Kipepeo Mweusi

Kipepeo mkubwa huuawa kwa vidole viwili. Unamshika akiwa amekunja mbawa, kidole gumba upande huu na cha shahada upande ule, unambana kifua mpaka usikie kitu kidogo kimevunjika ndani. Ukibana kwa woga atapiga mbawa, unga wote wa rangi utabaki mkononi mwako, na kipepeo aliyepoteza unga wake hafai kitu. Nilijifunza kwa kuharibu wengi. Nilifanya kazi hiyo miaka minne huko Kolwezi, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, na sidhani kama kuna mchinjaji wa sokoni aliyetoa roho nyingi kuliko mimi.

Bwana wangu alikuwa injinia wa mgodi. Mimi nilikuwa karani katika bohari ya kampuni, kijana wa miaka ishirini na minne, mtoto wa watu waliotoka Kasai kuja kuchimba shaba. Siku moja injinia aliona mwandiko wangu kwenye daftari la misumari, akauliza nani ameandika herufi ndogo namna hii. Wiki iliyofuata nilihamishiwa kazi nyumbani kwake. Mke wake alikuwa amerudi Ulaya, na vyumba viwili vilijaa makasha ya vioo, vipepeo upande mmoja, mbawakawa upande mwingine, kila mmoja amechomwa pini kifuani na kuandikiwa kikaratasi. Juu ya kikaratasi niliandika jina la Kilatini, mahali, tarehe, na jina la aliyemkamata. Aliyemkamata siku zote alikuwa injinia, hata siku alizoshinda ofisini.

Mbawakawa wadogo walikufa upesi ndani ya chupa ya sumu. Tabu ilikuwa wale wakubwa walioitwa goliati, wazito kama yai la kuku, weusi wenye mabaka meupe. Waliikuna chupa kwa kucha zao saa nzima. Injinia akichoka kuwasikia, aliwatoa mmoja mmoja na kuwachoma sindano ya amonia mahali kichwa kinapoungana na mwili, huku akipiga mluzi.

Goliati hao waliletwa na mwindaji mmoja wa Kilunda, mtu mzima mwenye kijiji chake kando ya Lualaba. Hakujua kusoma, lakini alijua kila mti unaotoa utomvu na kila mdudu anayeufuata. Yeye ndiye aliyenifundisha kutega vipepeo kwa ndizi zilizooza zilizochanganywa na machicha ya pombe. Alinionyesha pia kwamba wale wazuri kuliko wote hupenda kinyesi cha chui. Nilimwita tata, yaani baba, naye aliniita mwanangu, na tulipokwenda porini pamoja alinigawia nyama kavu ya mfuko wake.

Siku moja msituni, karibu na mto, alinivuta shati. Kwenye jani walikuwa vipepeo wawili wameungana mikia. Mmoja alikuwa mweusi anayeng'aa buluu, yule tuliyemfahamu. Mwingine alikuwa wa kahawia, mkubwa zaidi, mwenye mkanda wa rangi ya maziwa.

"Ule mweusi ni bwana, na ule ni bibi yake," akasema kwa sauti ya chini. "Watu banazani ni bitu mbili. Ni kitu kimoja."

Nilitazama mpaka wakaachana. Yule wa kahawia tulikuwa naye nyumbani, peke yake katika kasha dogo. Injinia aliamini ni aina mpya ambayo hakuna mtu duniani aliyeiandika, na alikuwa amekwisha kumpa jina la Kilatini lililotokana na jina lake mwenyewe. Nilikaa na siri hiyo miezi miwili, kwa sababu nilimjua. Nilikuwa nimemwona akimpiga mpishi wake teke la tumbo kwa ajili ya supu.

Jumapili moja alikuja mgeni kutoka Ulaya, mzee mwembamba wa makumbusho, aliyesomea wadudu maisha yake yote. Injinia alimtembeza kutoka kasha moja hadi jingine, mimi nikifungua na kufunga vioo. Walipofika kwa yule wa kahawia, mgeni alivaa miwani ya pili, akainama muda mrefu. Halafu akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kifaransa kwa upole kabisa, "Na wewe, unayewakamata, unaonaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza neno kama hilo katika nyumba ile. Nikajibu kabla sijafikiri. Nilisema nimewaona wakipandana, yule mweusi wa buluu na huyu wa kahawia, na kwa hiyo huyu ni jike lake.

Mgeni akacheka kwa furaha. Akampiga injinia begani, akasema, "Rafiki yangu, karani wako amekuokoa usichekwe na Ulaya nzima!"

Injinia naye akacheka. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Alimsindikiza mgeni mpaka kwenye gari, akarudi kupitia jikoni, akaniita uani. Nilimkuta ameshika wavu mkubwa wa vipepeo, ule wenye mpini wa mti mgumu. Aligeuza mpini, akanipiga nao kwenye sikio. Nilianguka juu ya matofali. Akapiga mgongo, mbavu, mikono niliyokinga nayo kichwa. Hakutukana. Alikuwa anahema tu, na kila pigo lilikuja kwa mpango, kama mtu anayepasua kuni. Nilisikia kidole changu kimoja kikivunjika, mlio uleule niliouzoea.

Mwindaji alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma akiwa na kikapu cha goliati. Sikumwona. Niliona tu kikapu kikidondoka na mbawakawa wakitambaa kwenye matofali mbele ya macho yangu. Kisha mpini ukaacha kushuka. Mwindaji alikuwa ameukamata.

"Acha, utamuua," alisema.

Injinia akamtemea mate. Mwindaji akaunyakua mpini, akauvunja kwenye goti lake, akampiga injinia ngumi moja ya uso. Pua ilipasuka. Damu ilimwagika juu ya shati jeupe la Jumapili, na yule mtu mkubwa akakaa chini polepole, amefunika uso, huku goliati mmoja akipanda kiatu chake.

Mwindaji hakukimbia. Aliniinua, akaniegemeza ukutani, akaninywesha maji. Askari walipofika walimkuta bado anafunga kidole changu kwa kitambaa. Walimpiga vitako vya bunduki hadi akashindwa kusimama, wakamburuta.

Siku tatu baadaye injinia alikuja kwenye kambi ya wafanyakazi nilikoishi na mke wangu, uso umefungwa bendeji, akasimama mlangoni kwangu. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Injinia alimtazama yeye, hakunitazama mimi.

"Nyumba hii ni ya kampuni," akasema. "Kesho utaeleza kwamba yule mushenzi aliingia mulevi, akatupiga sote mbili, mi na weye. Unasikia?"

Alipoondoka, mke wangu, ambaye naye aliniita tata kwa heshima, aliniambia, "Tata, sema kweli. Tutalala hata chini ya muti." Nilimjibu kwamba yeye hajui maisha. Nilimjibu kwa ukali, na mkono wangu mzima ulikuwa tayari umeinuka. Sikumpiga. Lakini aliuona ule mkono, na mimi niliuona.

Kesho yake, mbele ya mkuu wa eneo, nilisema maneno yote kama nilivyoambiwa. Nilisema mwindaji alinuka pombe. Nilisema ndiye aliyenivunja kidole. Alikuwa amesimama mita mbili kutoka kwangu, jicho moja limevimba na kufunga, na kwa lile lililobaki alinitazama tangu nilipoanza hadi nilipomaliza. Alipoulizwa kama ana neno, alijibu, "Huyu mutoto anajua." Basi. Wakampa miezi kumi jela, na fimbo nane kwanza.

Fimbo hizo zilipigwa asubuhi baada ya kupandisha bendera, uani pa jela, na wafanyakazi wa nyumba za wazungu tuliamriwa kuhudhuria ili tujifunze. Alilazwa kifudifudi, wanaume wawili wakamshika miguu na mikono. Fimbo ilikuwa ya ngozi ya kiboko iliyosokotwa. Pigo la kwanza lilichana ngozi. La nne lilipotua alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu wala kwa mnyama. Nilikuwa nahesabu moyoni nikitaka iishe, nikakosea hesabu, na ilipofika ya nane nilidhani imebaki moja.

Nilirudi kazini. Hilo ndilo jambo ninaloona aibu kulisema kuliko mengine yote. Nilirudi, kidole kimefungwa kijiti, nikaendelea kubana vifua vya vipepeo kwa mkono wa kushoto. Mtoto wetu wa kike alizaliwa. Injinia aliniletea blanketi.

Mwindaji alitoka jela mvua za kwanza ziliponyesha. Alikuja kambini Jumamosi mchana, watu wakiwa nje wanasuka nywele na kutengeneza baiskeli. Alikuwa amekonda, na alitembea ameinama kidogo. Nilisimama. Nilitaka kusema neno.

Alinipiga mdomoni, nikaanguka. Nilisimama tena, akanipiga tena, nikatema meno mawili. Jirani mmoja alitaka kuingilia kati, nikamzuia kwa mkono. Akanipiga tumboni, akanipiga kichwani nilipoinama, akanikanyaga mgongo. Sikukinga. Mke wangu alisimama mlangoni na mtoto kifuani. Hakupiga kelele na hakuita mtu.

Alipochoka alikaa kwenye kigoda changu, akihema.

"Mi nilivunja pua ya muzungu juu yako," akasema. "Na weye ulisema nini?"

"Nilisema bongo, tata," nikajibu. Huko kwetu bongo ni uongo.

"Sema kwa nguvu. Watu basikie."

Nikasema kwa nguvu, mdomo umejaa damu, kambi nzima ikasikia. Mke wangu akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akampa yeye kwanza.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya mkuu wa eneo na karatasi niliyoiandika kwa Kifaransa, mwandiko wangu uleule mzuri, nikieleza kila kitu: kipepeo, mgeni, mpini, uongo. Mkuu alisoma mara mbili. Aliniambia kesi imefungwa, na mtu aliyekiri kudanganya mahakama anastahili jela. Nililala siku kumi na nne katika jela ileile. Askari mmoja alinipiga kila asubuhi, nadhani kwa mazoea tu. Nilipotoka, vyombo vyetu vilikuwa nje ya nyumba, vimelowa mvua, mke wangu ameketi juu ya sanduku akimnyonyesha mtoto.

"Tunakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Mutshatsha," akasema. "Kule kuna ndugu yangu. Anachoma makala."

Tulipanda treni siku hiyohiyo. Nilikata miti, nikachoma hayo makala, yaani makaa, mikono ikawa migumu na minene, haifai tena kushika pini. Uhuru ulikuja na vita vyake, na injinia aliondoka pamoja na wenzake. Makasha yake sijui yaliishia wapi.

Mwindaji alipita Mutshatsha mara mbili tatu, akisafirisha nyama kavu kwenda Dilolo. Mara ya kwanza alinisalimia akiwa ndani ya treni, hakushuka. Mara ya pili alishuka, akala kwetu bukari, ugali wa huko, na samaki, akamaliza sahani. Alipovua shati kwa joto, binti yetu alimwuliza makovu ya mgongoni ameyapata wapi. Alinitazama, akangoja. Hakutaka kunisaidia. Basi nikamsimulia mtoto mimi mwenyewe, tangu mwanzo, naye mwindaji akasikiliza hadi mwisho, na mahali nilipoharakisha alisema, "Rudia hapo."